Maswali ya Usaili wa Watunga Programu: Uhakiki wa Lugha na Madhumuni Yake

Makala haya yanahusu aina ya maandishi ambayo ni nadra kuhakikiwa, nayo ni maswali wanayoulizwa watu wanaoomba kazi ya kutunga programu za kompyuta. Wahakiki wetu wamezoea kuzipima riwaya, tamthilia na tafsiri. Swali la usaili hulipita jicho lao, kwa kuwa ni fupi, halina mtungaji anayetajwa, na siku ikishapita hufungiwa kabatini. Hata hivyo, swali hilo fupi lina uwezo ambao riwaya haina. Humpa mtu mmoja kazi na kumnyima mwingine, na kwa njia hiyo huamua ni nani atakayezitunga programu zitakazokusanya ushuru wetu, kutunza majina ya wagonjwa wetu na kutoa matokeo ya mitihani ya watoto wetu.

Tunakusudia kuonyesha kwamba swali jema la usaili wa mtunga programu ni lile ambalo jibu lake ni kazi, wala si neno. Aidha, tunakusudia kuonyesha kwamba jambo hili linatuhusu sisi tushughulikiao istilahi kama linavyowahusu waajiri, kwa sababu maswali mengi mabaya hujificha nyuma ya istilahi ambazo anayeuliza mwenyewe hajazielewa.

Ili mazungumzo yetu yasielee hewani, tumechagua mahali pamoja pa kuchukulia mifano. Mahali hapo ni Mlali, katika Wilaya ya Mvomero, chini ya milima ya Uluguru, kwenye barabara iendayo Mgeta. Mlali hulimwa nyanya na mboga kwa wingi, na mazao hayo husafirishwa kwenda Morogoro mjini na kwingineko. Jirani yake ni Mzumbe, ambako kwa miaka mingi watumishi wa Serikali wamefunzwa utawala. Chuo cha mwaka 1953 kilichokuwa cha serikali za mitaa kiligeuzwa kuwa Chuo cha Uongozi wa Maendeleo mwaka 1972, na kikawa Chuo Kikuu mwaka 2001. Siku hizi hufundisha pia teknolojia ya habari na mawasiliano. Basi katika eneo hili dogo wamo mkulima mwenye tenga lake, karani wa ushuru mwenye stakabadhi zake, na kijana aliyesomea kompyuta. Swali la usaili linalowasahau wawili wa kwanza halitampima vema huyo wa tatu.

USAILI NA MAHOJIANO

Yafaa tuanze na majina yenyewe. Matangazo ya ajira katika utumishi wa umma hutaja usaili wa mchujo, usaili wa vitendo na usaili wa mahojiano. Majina haya matatu yamekaa vizuri, nayo yanastahili kutazamwa kwa makini zaidi kuliko ilivyo desturi.

Kitenzi saili na nomino swali vina asili moja ya Kiarabu, nayo ni kuuliza. Katika usaili yupo msaili na yupo msailiwa: mmoja anauliza, mwingine anajibu. Neno mahojiano lina njia nyingine. Linahusiana na hoja, na kiambishi -an- kilichomo ndani yake ni kile kile tukionacho katika pigana na andikiana, yaani kiambishi cha kutendana. Kwa hiyo mahojiano kwa haki ni kupeana hoja: huyu anatoa yake, yule anatoa yake.

Tofauti hii si ya kuchezea maneno. Katika kazi ya kutunga programu, sehemu kubwa ya ustadi ni kuuliza. Mtu anayepewa kazi na karani wa ushuru, akaenda moja kwa moja kuandika bila ya kuuliza lolote, ataandika programu inayofanya kazi ambayo hakuna aliyeitaka. Usaili unaomkataza msailiwa kuuliza unamzuia asionyeshe ustadi ule ule unaotafutwa. Kwa hiyo tunapendekeza kwamba usaili wa mahojiano uwe mahojiano kwa maana yake kamili, na kwamba katika karatasi ya kutolea alama pawepo nafasi ya maswali mazuri aliyouliza msailiwa.

SWALI LA FASILI

Aina ya kwanza ya swali, nayo ndiyo iliyoenea zaidi, ni swali la fasili. Huanza kwa maneno kama Taja, Fasili, Tofautisha, au Nini maana ya. Ni rahisi kulitunga na ni rahisi kulisahihisha, kwani jibu limo kitabuni. Hapo ndipo ubaya wake ulipo. Linapima kama mtu amekutana na neno, bali halipimi kama amekutana na kitu chenyewe.

Tuchukue mfano wa neno urithi. Katika baadhi ya lugha za kutungia programu, aina mpya ya kitu hutungwa juu ya aina iliyokwisha kuwapo, ikachukua sifa zake na kuongeza za kwake. Jambo hili huitwa urithi. Msailiwa akiambiwa afasili urithi, ataukariri ufafanuzi wa mwalimu wake na kupata alama zote. Lakini je, ameelewa? Katika maisha ya kawaida, mali hurithiwa mwenye mali anapofariki, na urithi hufuata njia zilizowekwa na jamii. Waluguru, kwa mfano, kwa jadi huhesabu ukoo kwa upande wa mama, na ardhi ya ukoo hufuata njia hiyo. Katika programu hakuna anayefariki. Mzazi hubaki na vyote alivyokuwa navyo, na akibadilishwa leo, watoto wote hubadilika leo hii hii. Basi maana iliyo karibu zaidi ni ile ya mtoto kurithi sura au tabia, na hata hiyo haitoshi, maana sura ya mtoto haibadiliki kila mara mzazi anaponyoa ndevu.

Sisi hatusemi kwamba istilahi urithi ni mbaya. Imekwisha kuzoeleka na inafaa. Tunasema kwamba fasili yake haimpimi mtu. Swali lenye maana lingekuwa hili: mpe msailiwa programu fupi yenye aina mbili za vitu, moja imerithi kutoka kwa nyingine, kisha umwambie abadilishe jambo moja kwa mzazi na aeleze ni nini kitakachobadilika kwa mtoto na ni nini kitakachoharibika. Anayejua ataonekana, hata akiwa amesahau neno. Asiyejua ataonekana pia, hata akiwa na neno mdomoni.

SWALI LA CHEMSHABONGO

Aina ya pili ilitoka nchi za mbali. Kwa miaka mingi makampuni makubwa ya Marekani, Microsoft ikiwa mojawapo, yalijulikana kwa kuwauliza waombaji mafumbo. Fumbo lililopata sifa zaidi ni lile la kwa nini mifuniko ya mashimo ya maji machafu barabarani ni ya duara. Jibu linalosifiwa ni kwamba mfuniko wa duara, uugeuze uugeuzavyo, hauwezi kutumbukia katika shimo lake, ilhali wa mraba waweza kutumbukia kwa upande wa pembe.

Ukweli wa hesabu hiyo hauna shaka. Lakini tuitazame kama swali. Aliyesoma kitabu cha mafumbo hayo atajibu papo hapo. Aliyekulia mahali pasipo na barabara za namna hiyo atapoteza dakika tano akijaribu kuukumbuka mfuniko ambao hajapata kuuona. Kati yao hatujajua ni nani awezaye kutunga programu. Mwaka 2013 Laszlo Bock, aliyekuwa mkuu wa masuala ya wafanyakazi katika kampuni ya Google, aliliambia gazeti la New York Times kwamba mafumbo hayo hayakuwasaidia kumtambua mfanyakazi mzuri. Ingekuwa ajabu kama waliobuni desturi hii wangekuwa wamekwisha kuitupa, nasi tukaiokota.

Wazee wetu walikuwa na vitendawili, na walijua vizuri matumizi yake. Kitendawili hutegwa kuburudisha na kufundisha, na asiyekijua hutoa mji, kisha akafunuliwa jibu. Hakuna aliyewahi kunyimwa shamba kwa kushindwa kutegua kitendawili.

SWALI LA KAZI

Aina ya tatu ndiyo tunayoitetea. Mtu apewe kipande cha kazi ile ile atakayoifanya, kikiwa kidogo kiasi cha kumalizika katika muda wa usaili. Si maoni yetu peke yetu. Mwaka 1998 wanasaikolojia wa Marekani, Frank Schmidt na John Hunter, walichapisha majumuisho ya utafiti wa miaka 85 kuhusu njia za kuteua wafanyakazi. Majaribio ya kazi yenyewe, pamoja na usaili uliopangwa, yalikuwa miongoni mwa njia zilizotabiri vema zaidi utendaji wa mtu. Usaili uliopangwa ni ule ambao wote huulizwa maswali yale yale, na alama hutolewa kwa kipimo kilichoandikwa kabla. Mwaka 2022 Paul Sackett na wenzake walizirudia hesabu hizo na kuona kwamba zilikuwa zimekuzwa. Walizishusha, lakini usaili uliopangwa ukabaki mbele ya njia nyingine zote, na jaribio la kazi likaendelea kuwa miongoni mwa zile nzuri.

Mfano mdogo wa swali la kazi ni ule uliopata umaarufu mwaka 2007, wakati mtunga programu Imran Ghory alipoueleza. Msailiwa huambiwa atunge programu itakayoandika namba kuanzia 1 hadi 100. Badala ya kila namba inayogawanyika kwa 3 bila baki iandikwe neno moja, tuseme nyanya. Badala ya ile inayogawanyika kwa 5 iandikwe kitunguu. Inayogawanyika kwa zote mbili iandikiwe maneno yote mawili. Ghory alieleza kwamba waombaji wengi, hata wenye shahada, hushindwa.

Mtego uko kwenye 15. Anayeanza kwa kuuliza kama namba yagawanyika kwa 3, na akaishia hapo, ataandika nyanya peke yake kwenye 15, 30 na 45, wala hatafika kwenye sharti la pili. Hapa twaomba walimu wazingatie jambo moja. Elimu ya msingi katika shule za Serikali hutolewa kwa Kiswahili tangu mwishoni mwa miaka ya 1960. Kila aliyepita huko amefundishwa baki, kigawe, na Kigawe Kidogo cha Shirika, na ameambiwa kwamba KDS ya 3 na 5 ni 15. Dhana inayohitajika kulijibu swali hili ameipata kwa Kiswahili darasani, miaka mingi kabla hajaigusa kompyuta. Akiulizwa kwa maneno hayo, hana sababu ya kubabaika. Akiulizwa kwa maneno ya kigeni tu, huenda akakwama kwenye lugha kabla hajaifikia hesabu, na msaili akaandika kwamba hajui hesabu.

Hata hivyo, swali hilo limekwisha kujulikana kila mahali, na majibu yake hukaririwa. Limeanza kuwa swali la fasili kwa njia nyingine. Hivyo tunapendekeza maswali yatungwe upya kutokana na kazi za hapa hapa. Tutatoa moja, la Mlali.

Mwaka 2017 Serikali ilipopunguza viwango vya ushuru wa mazao, ilieleza pia kwamba mzigo usiozidi tani 1, unaosafirishwa kutoka halmashauri moja hadi nyingine, usitozwe. Nyanya za Mlali ziendazo Manispaa ya Morogoro hutoka halmashauri moja na kuingia nyingine. Tuseme basi kwamba msailiwa amepewa orodha ya mizigo mitano: wa kilo 640, wa kilo 1,000, wa kilo 1,001, wa kilo 2,350, na mmoja ambao uzito wake haukuandikwa. Kiwango, ambacho ni cha kubuni kwa ajili ya swali, ni shilingi 10 kwa kilo. Atunge programu itakayotoa jumla ya ushuru.

Swali linaonekana jepesi, lakini ndani yake mna mambo manne. La kwanza ni neno usiozidi. Mzigo wa kilo 1,000 kamili haukuzidi, kwa hiyo hautozwi. Aliyeelewa hivyo, na akatoza uzito wote wa mizigo miwili iliyozidi, atapata shilingi 33,510. Aliyesoma usiozidi kana kwamba imeandikwa uliopungua ataongeza mzigo wa kilo 1,000 na kupata 43,510. Mkulima mmoja atakuwa ametozwa shilingi 10,000 ambazo sheria haikuziagiza, na hakuna atakayejua kwa nini. La pili ni kama mzigo uliozidi hutozwa kwa uzito wake wote au kwa ile ziada tu. Kwa ziada tu, jumla ni shilingi 13,510. Swali halikusema, na msailiwa mzuri atauliza. La tatu ni mzigo usio na uzito. Programu ya mzembe itauhesabu kuwa sifuri na kuusamehe kimya kimya. Ya mwangalifu itautenga na kumwarifu karani. La nne ni kwamba mazao hupimwa kwa tenga, na tenga si kipimo cha uzito, seuze likijazwa kwa lumbesa. Msailiwa akiuliza, Je, kilo hizi zimepatikanaje?, msaili amwandikie alama mara moja.

Alama nazo ziandikwe kabla. Kati ya alama 10, nne ziwe za programu kutoa jumla iliyo sahihi, mbili za kuushughulikia mpaka wa kilo 1,000, mbili za mzigo usio na uzito, na mbili za kumweleza karani wa ushuru kilichofanyika kwa lugha anayoielewa. Maelezo kama anajiamini au ana mvuto yasiwemo. Hayo si vipimo.

Watafsiri wa sheria wataona kwamba suala la usiozidi na uliopungua linawahusu moja kwa moja. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021, Kiswahili ndicho lugha ya sheria za Tanzania. Sharti linaloandikwa na mtafsiri leo, kesho litaandikwa na mtunga programu kwa alama za hesabu, na hapo hakuna nafasi ya kukisia. Kompyuta haina hekima ya karani wa kusema kwamba alielewa walichokusudia.

KOSA, KASORO NA HITILAFU

Sehemu kubwa ya muda wa mtunga programu hutumika kusoma na kurekebisha yaliyoandikwa na wengine. Kwa hiyo swali jingine jema ni kumpa msailiwa programu mbovu ya mistari ishirini na kumwambia aitengeneze. Hapa lugha yetu ina utajiri ambao tunautumia ovyo.

Wahandisi wa programu hutofautisha mambo matatu: alichokosea mtu, ubovu uliobaki ndani ya programu kwa sababu hiyo, na jambo baya linaloonekana programu inapoendeshwa. Kiswahili kina maneno matatu tayari: kosa, kasoro na hitilafu. Mtunga programu alifanya kosa alipoisoma usiozidi kuwa uliopungua. Kasoro ikabaki katika mstari wa sharti. Hitilafu ikaonekana siku mkulima wa kilo 1,000 alipodaiwa ushuru. Kasoro yaweza kukaa miaka bila ya kuleta hitilafu, ikiwa hakuna mzigo wa kilo 1,000 kamili uliopita kizuizini. Maneno haya yakitumiwa kila moja mahali pake, swali litasomeka hivi: Hitilafu iliyoripotiwa ni hii. Tafuta kasoro, na ueleze kosa lililoizaa. Hilo ni swali moja lenye hatua tatu, na kila hatua inapimika.

Wako wanaopendelea kusema mdudu, kwa kufuata Kiingereza. Hatuwaungi mkono. Kwa msikilizaji wa Kiswahili, mdudu ni kiumbe aliyeingia mwenyewe kutoka nje, na katika kompyuta humfanya mtu afikirie kirusi. Kasoro haiingii. Huwekwa na mtu, naye hana budi kuitafuta.

PINGAMIZI LA KIINGEREZA

Tunajua pingamizi litakalotolewa. Lugha za kutungia programu zimetokana na maneno ya Kiingereza, na vitabu vya maelekezo karibu vyote ni vya Kiingereza. Je, kuuliza kwa Kiswahili si kumdanganya mwajiri?

Pingamizi hili ni la haki, na jibu letu si kulikataa. Kusoma Kiingereza ni sehemu ya kazi hii, kwa hiyo kupimwe kama kazi. Msailiwa apewe ukurasa mmoja wa maelekezo ya Kiingereza asioujua, kisha amweleze kwa Kiswahili mhasibu wa halmashauri ni nini kifanyike. Hapo tutapima kuelewa kwake Kiingereza, kuelewa kwake programu, na uwezo wake wa kuzungumza na mtu atakayeitumia. Tunachokipinga ni Kiingereza kuwa chujio lisilotajwa, likachuja hata pale ambapo kinachotafutwa ni hesabu au uangalifu.

Nchi yetu imewahi kuona gharama ya mashine kutangulia watu. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta, baada ya matumizi yake katika hesabu za Hazina kuleta matatizo wakati wataalamu wa nyumbani walikuwa wachache mno. Leo wataalamu wapo, na kila mwaka vyuo hutoa wengine. Kazi iliyobaki ni kuwatambua walio hodari, na chombo cha kuwatambulia ni swali.

HITIMISHO

Tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, kamati za usaili zipitie maswali yao na kuyahesabu: mangapi yanaanza kwa Taja na Fasili, na mangapi yanaanza kwa Tunga, Soma, Tafuta na Rekebisha. Yakiwa mengi ni ya kundi la kwanza, yabadilishwe. Pili, walimu wa kompyuta na watumishi wa halmashauri watunge pamoja maswali ya kazi kutokana na shughuli za mahali pao, kama tulivyojaribu kwa Mlali, na wayabadilishe kila mwaka ili yasikaririwe. Tatu, sisi wenyewe, kabla ya kuisambaza istilahi yoyote ya kompyuta, tuijaribu ndani ya swali la kazi. Istilahi inayofaa ndani ya fasili tu, na ikashindwa mtu anapotakiwa kuitumia kutenda jambo, irudishwe mezani.

Wasomaji walio na maswali waliyoyatumia katika usaili, mazuri kwa mabaya, wanakaribishwa kutuletea pamoja na maelezo ya jinsi wasailiwa walivyoyajibu, bila ya kutaja majina yao.